Kovu la Moyo Likiwa Bado Linasukwa



Nianze na chupa ya kioo. Nilioneshwa nikiwa mwanafunzi, katika chumba cha vielelezo cha patholojia, mwalimu wangu akiishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Ndani yake, katika dawa iliyogeuka kama chai ya rangi, mlikuwa na moyo mdogo uliopasuliwa kwa urefu. Kwa nje haukuwa na la kushangaza. Habari ilikuwa ndani: chini kabisa, kwenye ncha ya chumba cha kulia, mahali panapotakiwa kubaki wazi ili damu ipate pa kuingia, palijaa kitu cheupe kinachong'aa kama upande wa ndani wa gamba la chaza. Mwalimu alifungua kifuniko akanipa kibano. Nilitarajia ulaini wa nyama. Kibano kiliteleza, kana kwamba nimegusa gegedu.

Nikauliza, "Mwalimu, nani aliyeweka kitu hiki humu?"

Akanijibu, "Mwanangu, sisi wa patholojia hufika fundi ameshakusanya vyombo vyake."

Jibu hilo nimelibeba miaka mingi. Ndilo lililonitoa patholojia nikaenda kutibu mioyo ya walio hai, na ndilo lililonileta hapa leo, kuzungumzia namna ya kufika mapema kuliko mwalimu wangu, tukamkuta fundi yuko kazini.

Ugonjwa uliokuwa ndani ya chupa ile una historia yake hapa kwetu. Jack Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefanya kazi Kampala, Mulago na Makerere, aliuandika mwaka 1948 katika jarida la East African Medical Journal, baada ya kuukuta tena na tena katika maiti alizozipasua. Madaktari huuita EMF kwa kifupi. Ni kovu linaloota kwenye utando wa ndani wa moyo, likajaza ncha za vyumba vyake na kuzikamata kamba zinazoshikilia vali. Wengi wa wagonjwa ni watoto na vijana wa familia maskini, tumbo limejaa maji limekaza kama ngoma, ilhali miguu haikuvimba kwa kiasi hicho. Watu wametafuta chanzo chake kwa zaidi ya miaka sabini. Wameshukiwa minyoo na chembe za damu zinazopanda minyoo inapoingia mwilini, imeshukiwa mihogo, huko Kerala, India, yameshukiwa madini ya seriamu yaliyomo ardhini. Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa. Mimi naamini sababu moja ya kutofika mbali ni ile aliyoitaja mwalimu wangu. Tulikuwa tukichunguza nyumba iliyokwisha kujengwa na kumtafuta mjenzi kwa kutazama matofali.

Basi huyo fundi ni nani?

Ni seli iitwayo fibroblasti. Iko mwili mzima, na moyoni hukaa katikati ya seli za msuli, nyembamba, ndefu, yenye ncha mbili, kama mtu aliyejibana kwenye foleni. Seli za msuli ndizo zinazodunda na ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya ujazo wa moyo. Fibroblasti haidundi. Kazi yake ni kuusuka na kuukarabati wavu unaozishika seli za msuli pamoja, ili mdundo mmoja uvute ukuta mzima kwa wakati mmoja. Uzi mkuu wa wavu huo ni protini iitwayo kolajeni. Msidhani ni kitu cha maabara tu. Mama yeyote aliyewahi kupika supu ya makongoro na kuilaza hadi asubuhi anaijua kolajeni: ile supu iliyoganda ikatikisika kwenye sufuria kama jeli ni kolajeni iliyoyeyushwa na moto, kisha ikakamatana tena kwa baridi. Na ile nyama ya ng'ombe mzee inayotafunwa bila kumezeka ni kolajeni hiyohiyo, imezidi na imekazana.

Moyo una udhaifu mmoja mkubwa. Haujui kuzaa msuli mpya kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walilipima jambo hili kwa njia ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliijaza hewa ya dunia nzima kaboni-14, ikaingia katika mimea, katika chakula, na katika jeni za kila seli iliyozaliwa wakati ule. Kwa kuipima kaboni hiyo ndani ya seli za moyo, walikadiria seli hizo zilizaliwa lini kwa wastani. Wakakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban 1% tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na akifika miaka 75 hubadilisha chini ya nusu ya hiyo. Kwa hiyo msuli ukifa, pengo lake halitazibwa kwa msuli. Litazibwa kwa kovu, au litabaki wazi.

Na likibaki wazi mtu anakufa. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu nitalirudia: kovu la moyo kwanza ni mwokozi. Mtu akipata mshtuko wa moyo, mshipa wa damu ukaziba na kipande cha ukuta kikafa, siku za mwanzo seli za ulinzi huja kusafisha mizoga. Kisha fibroblasti huamka. Zinaongezeka, zinahama, zinaota nyuzi za kuvuta kama za msuli. Seli iliyofikia hali hiyo huitwa miofibroblasti. Giulio Gabbiani na wenzake huko Geneva waliieleza mwaka 1971, wakiiona katika vidonda vinavyojifunga. Inamwaga kolajeni kwa wingi na inavuta kingo za jeraha zikaribiane. Bila kazi hiyo ukuta ungepasuka, na damu ingejaa kwenye mfuko wa moyo.

Kwenye kidonda cha ngozi, jeraha likishafunga, nyingi ya seli hizi hufa. Moyoni zinaweza kubaki. Na ubaya zaidi ni kwamba zinaweza kuitwa hata pasipo na kidonda. Presha ikiubana moyo mwaka baada ya mwaka, ukuta unavutwa, na homoni kama anjiotensini na aldosteroni zinapanda. Fibroblasti husikia mvuto huo na homoni hizo kama wito wa kazi. Zinaanza kusuka kuzunguka kila uzi wa msuli, taratibu, bila maumivu. Moyo unaendelea kusukuma vizuri kwa muda mrefu, lakini kulegea ili ujae tena unashindwa.

Katika kliniki niliwahi kuzungumza na mzee mmoja, fundi seremala, aliyekuwa na hali hiyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akaniuliza moja kwa moja: "Binti yangu, hiki kidonda cha moyo mbona hakiponi?"

"Kimepona, mzee wangu. Kimepona kupita kiasi."

Akanitazama kwa muda. "Kupona nako kuna kupita kiasi?"

Sikumpa jibu zuri siku ile. Jibu lenyewe ndilo hili ninalowapa ninyi.

Na mzee yule hakuwa wa pekee. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao moyo ulikuwa umeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Kwa 45% yao chanzo kilikuwa presha, na kwa 9% tu kilikuwa kuziba kwa mishipa ya moyo. Katika nchi za Ulaya mshipa ulioziba ndio unaotangulia. Kwa hiyo tukizungumza habari za kovu la moyo Tanzania, mara nyingi tunazungumza habari za kovu la pili, lile linalosukwa kimyakimya pasipo kidonda.

Leo tunalionaje? Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kinatuonesha umbo na mwendo. Kovu lenyewe tunalikisia kwa unene wa ukuta na ulegevu wake. MRI inaona vizuri zaidi: mgonjwa anachomwa dawa yenye gadolini, dawa inakaa katika nafasi zilizo nje ya seli, na palipo na kovu nafasi hizo ni kubwa, hivyo dawa inakawia pale na picha inang'aa. Kuna pia njia ya kuingiza waya mwembamba kupitia mshipa na kuchuna kipande cha moyo mfano wa punje ya mchele. Ni njia ya kweli kabisa, lakini kovu halikutandazwa sawasawa, na punje moja inaweza kutoka upande usio na tatizo.

Vyote hivi vinaona mkeka uliokwisha kusukwa. Havimwambii daktari kama msukaji bado ameketi.

Hapo ndipo damu inapoingia. Fikirini kamba ya usumba inavyosokotwa: nyuzi tatu zinapindwa pamoja. Kolajeni inasokotwa hivyohivyo, nyuzi tatu za protini zikijizungusha. Lakini seli ina shida moja: kamba ikikamilika ndani ya seli itajifunga na nyingine papo hapo, na fundi atanaswa ndani ya kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo kila kamba inatoka ikiwa na vishungi kwenye ncha zake mbili vinavyoizuia isijifunge. Ikishafika nje, vimeng'enya vinakata vishungi, kamba inajipanga na wenzake, na vishungi vinachukuliwa na damu. Kishungi kimoja cha kolajeni ya aina ya kwanza kinaitwa PICP. Kila kamba moja inaacha kishungi kimoja cha aina hiyo. Ukivihesabu kwenye damu, umehesabu kamba zilizosukwa karibuni. Kishungi cha kolajeni ya aina ya tatu huitwa PIIINP, nacho hupimwa kwa namna hiyohiyo.

Mnaona uzuri wake? Havihesabiwi vilivyorundikana miaka kumi. Zinahesabiwa takataka za leo za karakana. Yule mzee seremala nilipomweleza hivi safari iliyofuata alicheka, akasema hata yeye akitaka kujua kama vijana wake wamefanya kazi haangalii kiti, anaangalia maranda sakafuni.

Javier Díez na wenzake huko Pamplona, Hispania, walifanya kazi ya subira juu ya jambo hili. Walichukua damu na vipande vya moyo kutoka kwa wagonjwa walewale wa presha, wakaonesha kwamba PICP inapopanda kwenye damu, kolajeni nayo imeongezeka kwenye kipande. Halafu mwaka 2010 ukatoka utafiti ambao mimi huwa nausomesha kila mwaka. Carolyn Ho na wenzake wa Boston walipima watu wenye kasoro ya jeni inayonenepesha moyo. Baadhi yao moyo ulikuwa umeshanenepa. Baadhi walikuwa na jeni tu; ukuta haujanenepa, MRI haioni kovu lolote. Hata katika kundi hili la pili, PICP ilikuwa juu kwa 31% kuliko kwa ndugu zao wasio na kasoro hiyo. Watu wenye afya kabisa kwa macho ya mashine zote, na fundi ameshaanza.

Sasa niseme na upande wa pili, kwa sababu nimeona wenzangu wakiagiza vipimo hivi kana kwamba damu haiwezi kudanganya. Damu haina anwani. Kishungi cha PICP hakijaandikwa "nimetoka moyoni". Kiasi kikubwa cha kolajeni ya aina ya kwanza mwilini kiko kwenye mifupa, hivyo mtoto anayekua, au mtu aliyevunjika mguu mwezi uliopita, atakuwa na PICP nyingi na moyo mzima. Ini ndilo linalosafisha vishungi hivi. Ini likiugua vinarundikana. Na hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havina haja ya kulisisitiza. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna watu wengi wenye kichocho cha matumbo, na kichocho hicho huacha makovu ndani ya ini, makovu ya kolajeni ileile, yaliyosukwa na seli za ukoo uleule. PIIINP ya mvuvi wa Ukerewe inaweza kuwa juu kwa sababu ya ini lake, wala moyo haumo. Atakayekinunua kipimo hiki kutoka nje na kukitumia Mwanza kwa viwango vya Pamplona atawatia watu hofu bure.

Vipo viashiria viwili vingine vinavyotajwa sana, galektini-3 na ST2. Nitavipita haraka. Vyote viwili viliruhusiwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2010, na vyote viwili vinatabiri vizuri nani yuko hatarini. Lakini galektini-3 inapanda pia figo zikilegea, ST2 inapanda pia kwa magonjwa ya mapafu, na kumwambia mgonjwa kwamba yuko hatarini bila kujua umfanyie nini ni kumwongezea mzigo. Kwangu mimi kipimo kinastahili pesa ya mgonjwa kikibadilisha dawa.

Na kuna mfano wa kipimo kilichokaribia hapo. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uitwao RALES, wagonjwa 1,663 wenye moyo ulioshindwa vibaya. Nusu walipewa spironolaktoni, kidonge cha zamani kinachozuia aldosteroni. Vifo vilipungua kwa 30%, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata Faiez Zannad na wenzake walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya wagonjwa 261 kati ya hao. Wakakuta kwamba faida ya dawa ilionekana hasa kwa wale waliokuwa na vishungi vingi vya kolajeni tangu mwanzo. Na kwa waliopewa dawa, vishungi vilipungua. Yaani kidonge kinachodhaniwa kuwa cha kukojoza maji kilikuwa pia kinawatuliza mafundi. Kidonge hicho ni cha bei nafuu, kipo kwenye maduka yetu. (Naomba asiondoke mtu hapa akaenda kukinunua mwenyewe, kinapandisha potasiamu, na bila kupimwa figo kinaweza kuusimamisha moyo.)

Miaka ishirini baadaye utafiti wa HOMAGE uliofanyika Ulaya uliwapa dawa hiyo watu 527 ambao moyo haujashindwa bado ila wako njiani. Watafiti walidhani galektini-3 ndiyo itakayoonesha nani atafaidika zaidi. Haikuonesha. PICP ndiyo iliyoshuka. Nawapenda watafiti wanaochapisha dhana yao ikiwa imeshindwa. Wametuokolea fedha ambazo tungezitumia kununua kipimo kisichofaa.

Nije sasa kwenye picha, jambo ambalo miaka kumi iliyopita nisingeweza kuwaeleza.

Katikati ya miaka ya 1980, huko New York, wachunguzi wa saratani waligundua protini iliyoko juu ya ngozi ya fibroblasti zilizoamshwa, na ambayo kwenye fibroblasti zilizolala ni haba mno. Baadaye ikaitwa FAP. Ni kama kofia ya kazini: fundi aliye nyumbani hana, fundi aliye kwenye jengo anayo. Inaonekana kwenye kiinitete kinachojengeka, kwenye vidonda, kwenye viungo vilivyovimba, na kwenye nyama inayozunguka uvimbe wa saratani, maana saratani nayo huwaajiri mafundi wa mwili.

Mwaka 2018 kundi la Heidelberg, Ujerumani, lililoongozwa na Uwe Haberkorn lilichapisha habari za molekuli ndogo inayoishika kofia hiyo kama ufunguo kwenye tundu lake. Wanaiita FAPI. Wanaifungia chembe ya gali-68, madini yenye mnururisho ambayo kila dakika 68 zikipita nguvu yake inabaki nusu. Mgonjwa anachomwa sindano mkononi, anapumzika hadi saa moja, analala kwenye mashine ya PET. Kila chembe ya gali inapooza hutoa miale miwili inayoondoka kwa kupeana mgongo. Duara la mashine linaikamata yote miwili na kujua ilitoka wapi. Gali yenyewe hukamuliwa, ndiyo kauli ya wenyewe, kutoka kwenye chombo chenye germani-68 kinachodumu miezi mingi, mfano wa chupa ya chai iliyozungushiwa risasi. Mgonjwa hana haja ya kufunga kula, tofauti na kipimo cha sukari yenye mnururisho ambacho moyo, kwa kuwa unakula sukari, unakivuruga usipoandaliwa.

Moyo mzima, katika picha ya FAPI, karibu hauonekani. Ni kivuli tu. Kwa hiyo chochote kinachong'aa pale kina maneno ya kusema.

Na maneno hayo yalisikika kwanza kwa wagonjwa waliokwenda kwa jambo jingine. Heidelberg walikuwa na picha za wagonjwa wa saratani. Walipozirudia na kutazama moyo, katika wagonjwa 229 waliowachapisha mwaka 2020, wakaona wengine moyo unang'aa, na mng'ao ule ulihusiana na mambo yanayofahamika kuuweka moyo hatarini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Munich walikuwa wamewafunga panya mshipa wa moyo na kuwapiga picha siku baada ya siku: mng'ao ulipanda ukafika kilele siku ya sita, kisha ukashuka. Ile hadithi ya siku za mwanzo za kovu niliyowasimulia, ambayo sisi tuliijua kwa kuwachinja wanyama siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne, sasa imeonekana kwa mnyama yuleyule akiwa hai.

Kisha Hannover wakawachukua watu 35 waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Hapa nataka tukae kidogo. Walipopiga picha, eneo lililong'aa lilikuwa kubwa kuliko eneo lililokosa damu, na lilivuka mipaka ya kovu lililoonwa na MRI. Mafundi walikuwa wamejaa hadi kwenye ukuta ambao haukufa. Na wale ambao eneo lao la mng'ao lilikuwa kubwa zaidi ndio ambao moyo wao, miezi iliyofuata, ulielekea kudhoofika.

Msomaji wa haraka atasema: basi mng'ao ni mbaya, tuuzime. Mimi sisemi hivyo. Picha inaonesha kofia ya kazi, haioneshi nia ya aliyeivaa. Ukingoni mwa jeraha huenda fundi anaimarisha ukuta usipasuke. Huenda anausonga msuli ulio hai. Huenda anafanya yote mawili, la kwanza wiki hii na la pili mwezi ujao. Huko Philadelphia, mwaka 2019, watafiti walitumia seli za ulinzi zilizofundishwa kuitafuta FAP na kuiua seli inayoibeba, wakapunguza kovu kwenye mioyo ya panya wenye shinikizo. Mwaka 2022 wakafanikiwa kuzifundisha seli hizo ndani ya mwili wa panya kwa sindano tu, kwa teknolojia ileile iliyotuletea chanjo za korona. Ni kazi ya kuvulia kofia. Lakini moyo wenye presha una muda. Moyo uliotoka kupata mshtuko jana hauna. Ukimfukuza fundi siku ya sita unaweza kuuvunja ukuta. Ndiyo maana naiona picha kuwa ya lazima kabla ya dawa yoyote ya namna hii: lazima ujue ni siku ya ngapi ndani ya moyo wa mtu huyu, si katika kalenda ya hospitali.

Gharama siwezi kuikwepa. Mashine za PET zipo Nairobi, na foleni yake ni ya saratani, kwa haki kabisa. Sitarajii yule mzee seremala apigwe picha ya FAPI. Ninachotarajia ni kwamba picha itumike kwa wachache kuifundisha damu: upige wagonjwa mia moja picha na kuwatoa damu siku hiyohiyo, ujue ni kishungi kipi, kwa kiwango gani, kwa mtu mwenye kichocho na kwa asiye nacho, kinakwenda sawa na mng'ao wa moyo. Baada ya hapo kipimo cha damu kinaweza kwenda hadi hospitali ya wilaya bila mashine.

Na sasa nirudi kwenye ile chupa, kwa sababu sikuileta kwa pambo.

Mwaka 2008 Ana Olga Mocumbi na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Inharrime, wilaya ya vijijini kusini mwa Msumbiji. Walibeba mashine ya eko, wakachagua watu 1,063 kwa bahati nasibu, wakawapima. Watu 211 walikuwa na EMF, karibu mmoja katika kila watano. Katika hao 211, waliokuwa na dalili ni 48 tu. Wengine 163 walikuwa wakilima, wakienda shule, wakicheza, na moyoni mna alama za ugonjwa ambao Davies aliuona kwa maiti.

Nimezitazama takwimu hizo mara nyingi kuliko utafiti wowote mwingine. Kati ya hao 163, wangapi kovu lao lilikauka zamani na litabaki vile hadi uzeeni, na wangapi lilikuwa bado linasukwa wiki ile eko ilipopita kijijini? Eko haikuwa na njia ya kutofautisha. Hao wa kundi la pili ndio ambao fundi bado hajakusanya vyombo. Ndio ambao chanzo, kiwe minyoo, kiwe udongo, kiwe chakula, kiwe kitu ambacho hatujakifikiria, huenda bado kiko ndani yao kinaita.

Kwa hiyo ombi langu kwa vyuo vyetu, Makerere, Muhimbili, Nairobi, na wenzetu wa Maputo, ni dogo na linaweza kuanza kwa fedha kidogo. Kila timu ya eko inayokwenda vijijini ichukue na damu, mrija mmoja kwa kila aliyepimwa. Kwa kila mtoto mwenye alama, achukuliwe na mtoto asiye nazo wa rika lilelile, wa kijiji kilekile, kwa sababu mifupa inayokua itajaza damu vishungi na bila jirani wa kulinganisha naye hatutaelewa lolote. Wapimwe kichocho wote, na watibiwe. Mirija iwekwe kwenye friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, na isifunguliwe hadi eko ya mwaka wa pili itakapoonesha ni kwa nani kovu limesogea.